Seva ya saraka: Kazi ya siku moja, dhamana ya miaka mingi

Na Mwandishi Wetu, Urambo

MTUMISHI anapopata barua ya uhamisho kutoka Urambo kwenda wilaya nyingine, taratibu zinajulikana. Hukabidhi funguo za ofisi, majalada na vifaa, hutia saini hati ya makabidhiano, kisha hufunga mizigo yake na kuondoka.

Kitu kimoja husahaulika mara nyingi. Ni jina lake ndani ya kompyuta: akaunti ya barua pepe, ya mfumo wa mahesabu, ya mtandao wa ofisi na ya kompyuta ya masjala. Kila akaunti ina neno lake la siri, na kila moja hupaswa kufungwa peke yake.

Ikisahauliwa hata moja, mtu aliyekwisha kuondoka kazini hubaki ndani ya mfumo. Wenzake wanaweza kulitumia jina lake, naye mwenyewe anaweza kuingia akiwa mbali. Siku ya ukaguzi, kumbukumbu zitaonyesha kuwa kazi ilifanywa na mtumishi ambaye hayupo.

Watanzania wanaifahamu hasara ya majina yasiyo na watu. Mwaka 2016 Serikali iliendesha uhakiki uliobaini watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha ya mishahara. Orodha ya mishahara na orodha ya watumiaji wa kompyuta ni vitu viwili tofauti, lakini maradhi yake yanafanana: jina hubaki daftarini baada ya mwenyewe kuondoka.

Dawa ambayo wataalamu wa kompyuta wameitumia kwa miaka mingi ni kuwa na daftari moja la majina, ambalo mifumo yote ya ofisi huliuliza kabla ya kumruhusu mtu kuingia. Daftari hilo huitwa saraka, na programu inayolitunza huitwa seva ya saraka.

Makala haya yanaeleza saraka ni nini, jinsi mtaalamu anavyoweza kuijenga kutoka kwenye msimbo wake asili, na kwa nini taasisi iliyo mbali na miji mikubwa inapaswa kujiuliza mapema ni nani atakayeitunza.

Saraka ni nini

Saraka hupangwa mfano wa mti. Mzizi ni jina la taasisi, matawi ni makundi kama vile watumishi, vifaa na idara, na majani ni watu wenyewe. Kila mtu ana ukurasa wake wenye jina kamili, cheo, namba ya simu, anwani ya barua pepe na neno la siri lililofichwa.

Saraka hutofautiana na hifadhidata ya kawaida kwa jambo moja kubwa. Husomwa mara nyingi mno na kuandikwa mara chache. Mtumishi huajiriwa mara moja, lakini jina lake huulizwa kila asubuhi anapowasha kompyuta, kila anapofungua barua pepe na kila anapotuma waraka kwenye mashine ya kuchapa.

Faida yake huonekana siku ya uhamisho. Ofisa mmoja hufunga ukurasa mmoja, na milango yote iliyounganishwa na saraka hufungwa kwa pamoja.

Lugha ambayo mifumo hutumia kuiuliza saraka hujulikana kwa kifupi kama LDAP. Ilianzia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1993, Tim Howes akiwa miongoni mwa waasisi wake. Ilikusudiwa kuwa njia nyepesi ya kuufikia mfumo mzito zaidi uitwao X.500, ambao kompyuta ndogo za wakati huo hazikuweza kuumudu. Toleo la tatu la lugha hiyo, linalotumika hadi leo, lilitangazwa mwaka 1997.

Mwaka 1998 Kurt Zeilenga alianzisha mradi wa OpenLDAP, ambao uliendeleza kazi ya Michigan kama programu huria: mtu yeyote anaweza kuichukua, kuisoma, kuibadilisha na kuitumia bila kulipia leseni. Programu nyingine huria ya aina hiyo ni 389 Directory Server, ambayo asili yake ni kampuni ya Netscape. Red Hat iliinunua na kuufungua msimbo wake mwaka 2005. Namba 389 ni namba ya mlango ambao kompyuta hupitia kuiuliza saraka. Active Directory ya Microsoft, iliyotoka pamoja na Windows 2000, nayo huielewa lugha hiyo hiyo.

Programu huria si ngeni nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Kwa nini kujenga wakati iliyo tayari ipo

Programu nyingi huja zikiwa zimekwisha kupikwa. Mtumiaji hubonyeza, husubiri, kisha huanza kazi. Kujenga kutoka kwenye msimbo asili ni kuyachukua maandishi yenyewe ya watunzi wa programu, na kuiamuru kompyuta iyageuze kuwa programu inayotenda kazi.

Kwa taasisi nyingi, iliyopikwa inatosha. Mwenye seva ya Debian au Ubuntu hupata OpenLDAP iliyo tayari, na wasambazaji wa mifumo hiyo humletea marekebisho ya usalama. Asiye na sababu ya kujenga hana haja ya kujenga.

Hata hivyo, sababu hutokea. Red Hat ilitoa ilani katika toleo la 7 la mfumo wake kwamba ingeacha kusambaza seva ya OpenLDAP, na toleo la 8 lilipotoka mwaka 2019 seva hiyo haikuwamo. Waliokuwa wakitumia mifumo ya ukoo huo, ikiwamo CentOS, walilazimika kuhamia 389 Directory Server, kutafuta msambazaji mwingine au kujijengea wenyewe.

Sababu nyingine ni umri wa toleo. Toleo lililo tayari linaweza kuwa nyuma ya lile linalotolewa na watunzi, na taasisi ikawa inahitaji kipengele kipya au marekebisho ya kasoro fulani.

Ipo pia sababu ya mazingira. Mahali ambapo intaneti ni ya kusuasua, furushi la msimbo asili linaweza kupakuliwa mara moja mjini Tabora, likabebwa kwenye kifaa cha mkononi hadi Urambo, mwendo wa kilomita zipatazo 90, na kujengwa huko bila mtandao. Sharti ni kwamba vifaa vyote vya ujenzi vibebwe safari hiyo hiyo.

Hatua za ujenzi

Fundi huanza kwa kukagua vifaa. Anahitaji kompaila ya lugha ya C, ambayo ndiyo hugeuza maandishi kuwa programu, pamoja na chombo kiitwacho make. Anahitaji pia maktaba ya OpenSSL kwa ajili ya kusimba mawasiliano. Wengi husahau kifurushi cha groff, kinachotengeneza kurasa za maelezo. Kikikosekana, ujenzi wa matoleo mapya unaweza kukwama kwa jambo lisilohusu saraka yenyewe.

Hatua inayofuata ni kuchukua furushi kutoka kwa watunzi wenyewe na kulinganisha alama yake ya uhakiki na ile waliyoitangaza. Alama hiyo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye furushi zima. Herufi moja ikibadilishwa njiani, alama hubadilika. Anayeiruka hatua hii hana njia ya kujua kama alichobeba ndicho kilichotumwa.

Uchaguzi wa toleo nao ni wa busara. Toleo la 2.5, lililotoka mwaka 2021, ndilo la kwanza ambalo watunzi walitangaza kuwa litatunzwa kwa muda mrefu. Kwa ofisi isiyo na mafundi wengi, toleo la namna hiyo linafaa kuliko lile lililotoka jana.

Furushi likishafunguliwa, fundi huendesha amri ya "configure". Amri hii huipima kompyuta: ina kompaila gani, maktaba zipi zipo na zipi hazipo. Hapa ndipo fundi huchagua sehemu za kujengwa na mahali pa kuziweka. Asipotaja mahali, programu itakwenda kwenye saraka ya mafaili ya /usr/local, mbali na programu zilizoletwa na mfumo wenyewe. Utengano huo husaidia, kwa sababu mfumo ukisasishwa hautaikanyaga kazi yake.

Zinafuata amri za "make depend" na "make". Ya kwanza hupanga kipi kinategemea kipi, na ya pili hufanya kazi ya ujenzi. Kioo hujaa maandishi, ambayo mengi ni taarifa za kawaida. Neno la kutafuta ni taarifa ya kosa, na kosa la kusoma ni lile la kwanza, kwa kuwa yanayofuata huwa matokeo yake.

Kisha huja "make test", ambayo huiwasha seva kwa majaribio na kuipitisha kwenye mitihani mingi. Huchukua muda, hasa kwenye mashine ya zamani, na fundi mwenye haraka hutamani kuiruka. Kuiruka ni sawa na kukabidhi jengo bila kukagua paa kabla ya masika.

Hatua ya mwisho ni "make install", inayoweka kila kitu mahali pake. Hii peke yake ndiyo inayohitaji mamlaka ya msimamizi mkuu wa kompyuta. Zilizotangulia zinaweza, na zinapaswa, kufanywa kwa akaunti ya kawaida.

Kwenye mashine ya kisasa kazi yote hiyo humalizika ndani ya siku moja. Kazi ngumu huanza baada ya hapo.

Majina matatu na mti wa matawi

Jambo la kwanza la kuamua ni umbo la mti. Kosa la kawaida ni kuugawa kwa idara: tawi la elimu, tawi la afya, tawi la ujenzi. Mtumishi akihamishwa idara, jina lake kamili ndani ya saraka hubadilika, na kila mfumo uliolishika jina la zamani hupotea njia.

Historia ya Urambo yenyewe inatoa funzo. Mwaka 2012 Kaliua, iliyokuwa sehemu ya Urambo, ilifanywa wilaya inayojitegemea. Mti uliojengwa kwa kufuata mipaka ya siku moja ungelazimika kung'olewa na kupandwa upya. Wataalamu hushauri watumishi wote wawekwe kwenye tawi moja, na idara, kituo na cheo viandikwe kama maelezo ndani ya ukurasa wa mtu, yanayobadilishwa bila kuligusa jina.

La pili ni majina ya watu. Muundo unaotumika zaidi kwa kurasa za watumishi, uitwao inetOrgPerson, humlazimisha mwandikaji kujaza jina kamili na jina la ukoo. Watanzania wengi hutumia majina matatu: lao, la baba na la babu. Jina la tatu si lazima liwe la ukoo, na wengine wana majina mawili tu.

Ofisi isipokubaliana mapema, karani mmoja ataandika jina la baba na mwingine la babu, na mtu mmoja atatokea mara mbili. Tatizo lililokusudiwa kuondolewa litakuwa limerudi kwa mlango wa nyuma. Njia iliyo salama ni kumtambua kila mtu kwa namba yake ya utumishi, na majina yabaki maelezo.

Mitego minne

Mtego wa kwanza ni ruhusa. OpenLDAP isipopewa kanuni yoyote ya nani asome nini, humruhusu kila anayeifikia kusoma kila kitu, yakiwamo maneno ya siri yaliyofichwa. Kanuni ya kuyazuia lazima iandikwe kabla ya jina la kwanza kuingizwa.

Wa pili ni maneno ya siri yenyewe. Yakiingizwa jinsi yalivyo, yanaweza kuhifadhiwa jinsi yalivyo. Chombo cha "slappasswd" huyageuza kuwa mfuatano usiosomeka. Aidha, mawasiliano ya kawaida kupitia mlango wa 389 hayasimbwi mpaka fundi aagize hivyo kwa kutumia cheti cha usalama, na bila usimbaji, mtu aliyeketi kwenye mtandao huo huo anaweza kuyanasa maneno ya siri yakipita.

Wa tatu ni ukubwa wa ghala. Ghala la kisasa la OpenLDAP huwekewa kikomo cha megabaiti 10 fundi asipotaja kingine. Ofisi ndogo huanza vizuri, na siku ghala linapojaa, seva huendelea kusomwa lakini hukataa kuandikwa. Tiba ni kupanga kikomo kikubwa tangu mwanzo.

Wa nne ni umeme. Matoleo ya zamani yalitumia ghala la Berkeley DB, ambalo baada ya umeme kukatika ghafla lilihitaji kufanyiwa marejesho. Ghala jipya la LMDB, lililobuniwa na Howard Chu mwaka 2011, haliandiki juu ya ukurasa unaotumika. Huandika pembeni kwanza, kisha hubadilisha. Umeme ukikatika katikati, kilichokuwapo hubaki salama. Hata hivyo, diski inayoungua haichagui ghala, hivyo nakala rudufu ya kila siku kwa amri ya "slapcat" ni lazima, na iwekwe nje ya chumba cha seva.

Sheria inasemaje

Saraka ina majina, vyeo, namba za simu na pengine anwani za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya na kuchakata taarifa za namna hiyo kuzilinda. Saraka iliyoachwa wazi kwa kila msomaji ni kosa la kiufundi linaloweza kuifikisha taasisi mbele ya sheria.

Kwa taasisi za umma, lipo la ziada. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao na kuzitaka taasisi hizo zifuate viwango na miongozo yake. Fundi wa halmashauri hawezi kuamua peke yake kujenga seva kwa kuwa anaweza. Shule binafsi, hospitali ya taasisi ya dini au chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku kina uhuru zaidi wa kuchagua, lakini wajibu wa kulinda taarifa za watu haupungui.

Fundi naye huhamishwa

Urambo ina kumbukumbu yake ya mitambo iliyofika bila maandalizi. Kuanzia mwaka 1947, Waingereza waliichagua pamoja na Kongwa na Nachingwea kwa mpango mkubwa wa karanga. Matrekta, mengi yakiwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yaliletwa kufyeka pori. Yaliharibika kwa wingi, mafundi na vipuri havikutosha, na hali ya udongo na mvua ilikuwa haijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ulitelekezwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, na wakulima wa Urambo wakaja kujulikana kwa tumbaku.

Seva ya saraka ni kitu kidogo sana mbele ya mpango ule, lakini swali ni lile lile: mleta mtambo akiondoka, nani ataendelea kuutunza?

Programu iliyo tayari ina msambazaji anayetuma marekebisho. Iliyojengwa kwa mkono haina. Watunzi wakitangaza kasoro ya usalama, hakuna kengele itakayolia Urambo. Fundi ndiye anayepaswa kufuatilia matangazo, kuchukua toleo jipya, kulijenga, kulijaribu na kulisimika. Atafanya hivyo kila mara, kwa miaka yote ambayo seva itatumika.

Na fundi huyo ni mtumishi kama wengine. Siku moja naye atapata barua ya uhamisho. Akiondoka na maarifa yote kichwani, ofisi itabaki na mashine inayojua majina ya watu wote, huku yenyewe haijulikani na mtu yeyote. Neno kuu la siri likipotea, au toleo likizeeka bila mtu wa kulibadilisha, daftari lililojengwa ili kufunga milango ndilo litakaloiacha wazi.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Fundi aandike toleo alilotumia, alama ya uhakiki, amri ya "configure" neno kwa neno, mahali alipoweka mafaili na namna ya kurejesha nakala rudufu. Msimbo asili wenyewe uhifadhiwe pamoja na maandishi hayo. Neno kuu la siri liwekwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ndani ya sefu ya ofisi. Mtu wa pili, hata kama si mtaalamu, afuate maandishi hayo mara moja kwa mwaka na kujenga seva ya majaribio. Akikwama, maandishi hayajakamilika.

Mkuu wa taasisi hahitaji kuijua kompaila ili kuisimamia kazi hii. Anahitaji kuuliza maswali matatu kabla ya kuidhinisha ujenzi: kwa nini iliyo tayari haitoshi, nani atafuatilia marekebisho ya usalama, na fundi akihamishwa kesho, nani ataweza kuijenga upya. Jibu la swali la tatu likiwa ni jina la fundi yule yule, ujenzi usubiri.

Na katika hati ya makabidhiano, chini ya funguo na majalada, uongezwe mstari mmoja: akaunti imefungwa, tarehe, na saini ya aliyeifunga.